Hela yote mwanzoni au kwa mafungu?

Mkuu, umeuliza kama mfuko wenu wa kusomesha vijana wa kipato cha chini utoe hela yote muhula unapoanza au ugawe kulingana na matokeo. Mimi ningegawa, ila bila kukaba shingo.

Angalia walichofanya Louisiana, Marekani, mwaka 2004, kwenye vyuo viwili vya jamii (vyuo vya umma vya kozi fupi za kama miaka miwili) eneo la New Orleans. Walengwa walikuwa wazazi wenye kipato kidogo, wengi akina mama. Kila muhula dola 1,000: 250 akishajisajili angalau nusu ya mzigo wa masomo, 250 katikati ya muhula akiwa na wastani wa C, na 500 akimaliza kwa wastani huohuo. Cheki alipewa mwanafunzi mwenyewe mkononi. Anunue maziwa ya mtoto au alipe nauli, shauri yake. Waliopata walifaulu masomo mengi kuliko wenzao wasiopata, mpaka kimbunga Katrina kilipovuruga kila kitu 2005.

Ona, C. Mkidai A mtaishia kuwalipa ambao wangefaulu hata bila nyie.

Halafu usisahau mshauri. Kule ndiye aliyefuatilia alama na kutoa cheki, kwa hiyo mtu hakuweza kupotea kimyakimya. Chuo Kikuu cha Jiji la New York nacho, kwenye ASAP, mpango wake wa kusaidia wanafunzi wa stashahada ya miaka miwili wamalize haraka, kinampa mwanafunzi mshauri wa karibu na kadi ya usafiri. Ulipopimwa, kama asilimia 40 walihitimu ndani ya miaka mitatu, wenzao wasiokuwa kwenye mpango asilimia 22.

Fungu la kwanza tu msilicheleweshe. Hilo ndilo nauli ya kuripoti chuo.