Mfereji umeziba

Swali lenu la wiki iliyopita: mwandishi wa Zanzibar aandike kwa maneno ya kwao, au atumie yanayofahamika Tanzania nzima? Nilipolisoma nililiweka jarida chini, nikenda zangu msikitini, nikarudi nikalikuta bado linanisubiri.

Jibu nilikuwa nalo tayari: aandike kwa maneno ya kwao, na asiyefahamu aulize. Sisi tumeuliza sana. Tumejifunza kuwa tungule wenzetu wanaziita nyanya, mbatata ni viazi, na mkate wa kusukuma ni chapati. Kisha hicho kinachoitwa Kiswahili sanifu kimetoka wapi? Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi, Kimvita cha Mombasa kikaachwa. Tena ni Kiunguja cha mjini. Sisi Wapemba hatukuulizwa, wala watu wa Makunduchi, wala wa Tumbatu. Mtoto amezaliwa kwetu, amekwenda kulelewa ugenini, leo amerudi anatusahihisha matamshi.

Tazameni hata majalada ya kamusi. La TUKI, taasisi ya Kiswahili ya Dar es Salaam, la mwaka 1981 ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu. BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar, walipotoa lao mwaka 2010 waliliita Kamusi la Kiswahili Fasaha. Ya, la. Sanifu, fasaha. Nilipoliona nilicheka peke yangu, maana lile ni fumbo la Kizanzibari hasa: limesemwa, na ukiuliza halikusemwa.

Ningeishia hapo. Lakini swali mmelielekeza kwa waandishi wa vitabu, na mimi si mmoja wao. Nimesomesha skuli miaka thelathini na moja, na hapa kijijini mimi ndiye mwandishi wa barua za watu: za posa, za madai ya shamba, za kuombea vijana kazi. Watu hao hawana haja ya kuona Kipemba chao kimehifadhiwa. Wanataka wajibiwe. Basi acheni nijibu kwa nilijualo, na nilijualo zaidi ni barua moja.

Ni miaka kumi na kitu sasa, kijijini kwetu huku upande wa Micheweni, ambako ukichimba kisima unakutana na jiwe kabla hujakutana na maji. Tulikuwa na mfereji mmoja tu, mbele ya msikiti, koki yake ya shaba imeng'arishwa na mikono ya watu. Mwezi wa Rajabu ukaacha kutoa. Sheha, mkubwa wa serikali hapa kijijini, akaniita baada ya laasiri, tukakaa barazani kwake, mimi na daftari, yeye na kahawa. Nilikuwa nikisifika kwa kuandika kwa ufupi, na siku ile nilijiona nimepatia. Sentensi yenyewe naikumbuka mpaka leo: "Mfereji uliopo mbele ya msikiti umeziba, maji hayapiti, na wananchi wanapata taabu kubwa." Nilimsomea mara mbili. Akasema, "Mwalimu, hapa hapana la kuongeza," akagonga muhuri.

Barua ikenda kwa mradi mmoja uliokuwa na fedha za wafadhili, na aliyeipokea ofisini alikuwa kijana wa kutoka bara. Msomaji wa Dodoma au Mwanza nadhani ameshacheka. Sisi tulikuja kufahamu wiki ya tano, lilipoingia gari. Walishuka vijana watatu na majembe na utepe wa kupimia, na nyuma limepakia makalavati mawili ya saruji. Mkubwa wao akasalimia kwa adabu, "Shikamooni wazee," akauliza mfereji uko wapi. Tukamwonesha. Akaitazama koki, akaitazama karatasi, akatazama chini kulia na kushoto akitafuta maji yaliyotuama.

"Si huu hapa!" sheha akamwambia, akiugonga kwa bakora.

"Mzee, hili si bomba?"

Bi mmoja aliyekuwa amelikalia dumu lake tupu akadakia: "Bomba la nini, baba, la sindano?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana pale pale niliiona sentensi yangu kwa macho ya yule kijana. Kwake mfereji ni mtaro. Mtaro ukiziba maji hayapiti, na wananchi wanapata taabu kubwa, ni kweli tupu. Barua yangu ilikuwa imekamilika kila upande, imekamilika kwa kitu chengine. Lau ningeandika ovyo, nikasema siku ya ishirini hii hatuna maji ya kunywa, angejua. Ule ufupi niliojivunia ndio uliotuponza.

Mradi wao ulikuwa wa mitaro tu. Wakaondoka, ila kalavati moja walituachia, na mpaka leo watoto hupanda juu yake. Shaabani ikapita tunazungushwa, Ramadhani ikatukuta tunateka kisima cha karibu na pwani, maji yake yana chumvi, wanawake wanatoka alfajiri na madumu kichwani wamefunga. Yule bi kila akikutana nami njiani ananiuliza, "Mwalimu, mtaro wako unaendeleaje?"

Barua ya pili niliiandika mimi tena, safari hii kwa watu wengine. Niliandika bomba. Kalamu ilikuwa nzito, sisemi uongo. Maji yalitoka Mfunguo Mosi, sikukuu imeshapita.

Sasa nimefika hapa naona lile jibu langu la mwanzo limelegea. Nilisema asiyefahamu aulize. Lakini yule kijana hakuuliza kwa sababu alifahamu. Tungule halina madhara. Asiyelijua atajua kuwa halijui, atauliza au atatazama kamusi. Linaloponza ni neno wanalolijua wote, kila mtu kivyake. Nikiandika "mwanangu yuko chuoni", wa kwetu anamwona mtoto wa miaka sita na juzuu yake ya Kurani mkononi. Wa bara anaona kijana anayekaribia kuhitimu shahada, na anaendelea kusoma bila ya wasiwasi wowote.

Kwa hiyo tungule mwandishi aliandike bila ya kumwomba mtu radhi. Mfereji na chuo pia aviandike, ila aviwekee shahidi: mfereji uonekane na koki yake, chuo kisikike watoto wakisoma. Hapo nasema vitabu. Barua ya kuomba maji ni jambo jengine, hiyo andika neno la mwenye fedha. Mashairi siyasemei, yana wenyewe.

Najua nimeanza na moja na nimefika kwa jengine. Nyumbani mambo ni hayo hayo. Mjukuu wangu yuko kidato cha nne, mtihani wake unatungwa bara, na mimi mwenyewe ninamwambia aandike mazishi, maziko ayaache kwetu. Usiku akisema mazishi mbele yangu namsahihisha. Mama yake anasema nimchagulie moja.

Waliotuletea maji walipomaliza kazi walipaka rangi ukutani: BOMBA LA MAJI, TUMIA KWA UANGALIFU. Juzi nimekaa barazani nikamsikia mjukuu huyo huyo akimpigia kelele mwenziwe kuwa wakutane bombani. Mdomo ulinifunguka, nikaufunga. Nikangoja nione yule mwenziwe atashika njia gani. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya msikiti.

Mwalimu mstaafu, Micheweni, Pemba