Mwizi Akifungwa, Ni Nani Atanilipa Pikipiki Yangu?

SWALI: Wakili, pikipiki yangu ya bodaboda, niliyoinunua kwa shilingi 140,000, iliibwa mwaka jana hapa Kayole, Nairobi, ikauzwa vipuri. Mwizi amefungwa miaka mitatu, nami sijaona hata ndururu. Nimesoma kwamba walibertari wangetaka anilipe mimi badala ya kukaa jela. Hoja yao ni ipi, na je, sheria yetu inairuhusu?

JIBU: Ndugu msomaji, hao wanaotanguliza uhuru wa mtu binafsi na mali yake huanzia hapo hapo panapokuuma: aliyeibiwa ni wewe, ilhali kesi huitwa ya Jamhuri na wewe huitwa shahidi tu. Murray Rothbard, Mmarekani aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1982, alishikilia kwamba mwizi arudishe alichoiba kisha apoteze kiasi kingine kama hicho, yaani kwako shilingi 280,000, na kwamba mwathiriwa ana hiari ya kumsamehe. Mmarekani mwenzake, Randy Barnett, alikwisha kwenda mbali zaidi mwaka 1977: adhabu iondolewe, ibaki fidia, na asiye na pesa afanye kazi hadi deni liishe.

Kwamba mwathiriwa husahauliwa, wamesema kweli; kuhusu dawa yao nina shaka, kwa sababu vijana wengi ninaowaona kizimbani hawana hata nauli ya kurudi nyumbani, na mwenye nazo angeweza kuliona kosa kuwa bidhaa yenye bei.

Sheria yetu haiko mbali nao kama unavyodhani. Kifungu cha 175 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu hakimu, akishamtia mtu hatiani, kumwamuru amlipe mlalamikaji kile ambacho angedaiwa katika kesi ya madai. Ila ni ruhusa, si lazima, na mara nyingi hakuna anayeiomba.

Kwako bado kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mradi ufungue shauri kabla ya miaka mitatu kupita tangu wizi ule. Hutahitaji kuuthibitisha wizi upya: muda wa rufaa ukiisha, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi huifanya hukumu ile kuwa uthibitisho kamili wa hatia yake. Beba nakala ya hukumu iliyoidhinishwa, risiti ya ununuzi na kitabu cha umiliki. Kabla ya hapo, ulizia kama ana shamba, akiba ya sako au chochote kinachoweza kukamatwa.