Mke wangu amekimbia nywele zangu, Shangazi

*Shangazi, nina miaka 33 na napiga chelo, ile fidla kubwa ya kuketi nayo, katika okestra hapa Nairobi. Nimefuga rasta miaka sita sasa, zimefika kiunoni. Mke wangu ni muuguzi. Tulipokutana alizipenda, na yeye ndiye aliyekuwa akinisokota. Tulipopata mtoto akaacha, kwa hivyo naenda saluni, Sh2,500 kila mwezi. Baba mkwe hanipendi tangu siku ya mahari, ambayo bado tunaendelea nayo. Aliuliza mbele ya watu kama aliyekuja kuoa ni bwana au bibi. Mwezi uliopita mke wangu alimbeba mtoto akaenda kwao Kakamega. Anasema nichague. Lakini nywele ni sehemu ya sanaa yangu, hata magwiji wa muziki wa Ulaya wa zamani kama Liszt wa piano na Paganini wa violini walizifuga. Je, ninyoe ili arudi? – Msanii, Nairobi*

Pole, mwanangu. Kurudi usiku kwenye nyumba isiyo na sauti ya mtoto si jambo dogo. Pole yangu inaishia hapo.

Umeandika "anasema nichague", kisha ukaweka nukta. Uchague kati ya nini na nini? Hukusema. Mwanamke aliyekaa nyuma yako na kuzisokota kwa vidole vyake, rasta moja baada ya nyingine, leo azichukie nywele hizo hizo? Hilo siliamini. Aliacha kukusokota kwa sababu vidole vilipata kazi nyingine: nepi, uji, zamu za hospitali. Badala ya wewe kuuliza "nikusaidie wapi?", ulitafuta msusi wa kulipwa.

Na huyo mtoto! Barua nzima umemtaja mara mbili tu: alipokukosesha msokotaji, na alipobebwa kwenda Kakamega. Hukutaja jina wala umri, wala kama ameanza kutembea. Nywele nimeambiwa mpaka zinapofika.

Kazi ya okestra siidharau. Mpwa wangu anafundisha chelo, nami nimekaa kwenye mazoezi yao nikaona jasho linalotoka. Najua pia kwamba hapa kwetu haimlishi mtu peke yake. Nairobi Orchestra yenyewe, iliyoanza miaka ya 1940, wengi wa wapigaji wake wana kazi nyingine mchana. Kule Kinshasa, okestra ya kanisa la Wakimbangu iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994 ilianza na violini chache watu wakipokezana, na uzi ukikatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Mchana wapigaji hao walikuwa mafundi umeme, wauzaji wa sokoni, hata kinyozi alikuwamo. Jioni ndipo walipopiga Beethoven. Wewe mchana unafanya nini? Sijaona. Nimeona mshahara mmoja tu katika barua hii, nao ni wa muuguzi. Sasa hesabu mwenyewe hizo Sh2,500 zinatoka mfukoni mwa nani.

Tena wanamuziki hufanya mazoezi jioni, na muuguzi huingia zamu ya usiku. Nani alikuwa akibaki na mtoto? Jibu hilo moyoni, mimi usiniandikie.

Unasema nywele ni sehemu ya sanaa. Nilimuuliza mpwa wangu. Akacheka, akanionyesha: vigingi vya kukazia nyuzi za chelo hukaa kando ya sikio la kushoto, na nywele ndefu zikiachwa huru hunaswa pale. Kwa hivyo wenye nywele ndefu huzifunga nyuma kabla ya kuanza. Nywele ambazo chelo inazihitaji ni za mkia wa farasi, zile mia na hamsini au mia mbili zilizo kwenye upinde. Zako ni pambo. Pambo si dhambi, ila usilipe jina la kazi.

Na hao magwiji wako! Liszt na Paganini walisimama peke yao mbele ya watu; hawakuketi katika safu ya chelo. Tena huyo Liszt alizaa watoto watatu na Marie d'Agoult bila kumwoa, na watoto wakaja kulelewa na mama yake Liszt huko Paris. Ndiye mfano wa mume uliompelekea baba mkwe?

Kuhusu huyo mzee, maneno yake yalikuwa machafu na alikuaibisha. Lakini umeandika mahari "bado tunaendelea nayo" kama mtu anayesimulia habari za mvua. Mzee akikutazama haoni rasta, anaona ng'ombe wasiofika. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii tumbo ni lake. Nywele ndefu za mwanamume hazikuanza na wewe katika nchi hii. Morani wa Kimaasai huzifuga na kuzipaka ngeu nyekundu, wala hakuna anayemuuliza kama ni bibi. Ila siku ya eunoto, sherehe ya kuuaga umorani, hukaa chini mama yake akamnyoa, ajue ujana umepita na majukumu yameanza. Wewe umechukua nusu ya desturi iliyokupendeza.

Hili ndilo linalonikera kwa ndoa za siku hizi. Kila mmoja anaingia na ndoto yake mkononi kama tiketi ya basi, kisha anashangaa kwamba kiti ni cha wawili na kuna mtoto wa kupakata. Mke akisema amechoka, anaambiwa haelewi sanaa. Mume angekuwa fundi wa magari, mke angeambiwa haelewi injini.

Usinyoe. Ukifika Kakamega umenyoa, utakuwa umejibu swali ambalo hakuna aliyekuuliza. Tafuta wanafunzi wa mchana kwanza, hata wanne, uwe na la kusema. Mwombe mjomba wako akusindikize, mketi na mzee mpange tarehe ya ng'ombe walau mmoja, tarehe yenye siku na mwezi. Mke wako umuulize zamu zake za wiki na uziandike. Nywele zifunge nyuma kama unavyozifunga kazini. Mtoto akizivuta, mwache avute.