Kinywe cha Mahenge si makaa ya mawe yaliyozeeka
Ndugu, umeuliza kama kinywe (grafiti, madini ya kaboni yanayotengenezewa ncha za penseli) cha Mahenge, mkoani Morogoro, ni makaa ya mawe yaliyokaa sana ardhini. Hapana. Asili yake ni tope la chini ya bahari lililojaa mabaki ya viumbe vidogo mno. Wakati huo miti ilikuwa bado haijaota duniani. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita mabara yaligongana, tope likazikwa kilomita nyingi chini, likapikwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 600. Kaboni ya mabaki hayo ikajipanga tabaka kwa tabaka, ikawa magamba ya kinywe. Sugua jiwe lake kwa kidole gumba: kinabaki cha kijivu kinachong'aa, kama umeshika ncha ya penseli. Makaa ya mawe ya Ngaka, mkoani Ruvuma, yalitokana na mimea ya kinamasi, ni machanga zaidi, na hayakupata joto hilo.