Unayeanza piano, usidharau kufundisha

Wengi huja kwenye piano wakiota jukwaa, na kufundisha wakaona ni kazi ya waliokwama. Nami nilikuwa hivyohivyo. Nilifundisha ili nilipe kodi, jicho kwenye saa.

Kilichonizindua ni jukwaa lenyewe. Katikati ya sonata ya Beethoven, kipande kirefu cha piano niliyoipiga hadi nikaichoka, kichwa kikawa cheupe. Vidole vilijua njia, mimi sikuijua. Viliposita, sikuwa na pa kushika. Nikarukia ukurasa wa mwisho, nikamaliza, nikainama, nikapigiwa makofi (wasikilizaji wana huruma kuliko tunavyodhani). Siku chache baadaye mwanafunzi akaniuliza kwa nini mkono wa kushoto unabadilika mahali fulani kwenye sonata hiyohiyo. Sikuwa na jibu.

Tangu hapo, kipande nisichoweza kumweleza mtu sikipeleki mbele ya watu. Jaribu hivi: funga kitabu cha nota, piga mkono wa kushoto peke yake, ukianzia katikati ya ukurasa. Ukishindwa, bado hujakijua, hata kama unakipiga kwa kasi ya umeme.

Chopin, mtunzi na mpiga piano wa karne ya 19, alijipatia riziki Paris kwa kufundisha zaidi kuliko kwa maonyesho. Skeli ya C, ile ngazi ya sauti ya vibao vyeupe vitupu ambayo wanaoanza hupewa kwanza, yeye aliiona ngumu kuliko zote. Alimwekea mwanafunzi kidole gumba cha mkono wa kulia kwenye E, vidole vitatu virefu kwenye vibao vyeusi, cha mwisho kwenye B. Weka mkono wako hapo sasa hivi. Umeona kifundo cha mkono kilivyotulia? Kitu hicho nimekitumia kwa watoto na kwa wazee, na mabega hushuka yenyewe.

Maumivu usiyafanyie ujasiri. Mtunzi Schumann aliharibika mkono wa kulia akiwa kijana, ndoto yake ya upigaji ikaishia hapo. Leon Fleisher, mpiga piano Mmarekani, mkono wake wa kulia ulimgomea miaka ya 1960. Akashika kazi za mkono wa kushoto, akaongoza okestra, akafundisha kwa miongo, na vizazi vya wapiga piano vikapita mikononi mwake.

Na siku utakapoketi kando ya mwanafunzi wako wa kwanza, penseli mkononi, akakosea, usikimbilie kuzungushia kosa kwenye nota yake. Muulize kwanza amesikia nini.