Wadogo zangu mliofika Doha, someni kabla ya kusaini

Kundi jipya la wafanyakazi limeingia kambini na tayari nayaona yaleyale. Mmoja amesaini karatasi ya saa za kazi bila kuisoma kwa sababu basi la kampuni lilikuwa linapiga honi. Mwingine kampa karani pasipoti "amtunzie". Wa tatu anawatangazia wenzake chumba kizima kwamba mshahara wake ni 1,800. Nawapenda kama wadogo zangu wa tumbo moja, na ndiyo maana leo nasema kwa ukali kidogo. Makosa haya yana gharama, na sisi tuliotangulia tumeshailipa.

1. Mshahara wako ni besiki, yaani mshahara wa msingi bila alawansi (posho). Tangu Machi 2021 kima cha chini hapa Qatar ni riyali 1,000 za msingi, na juu yake 500 za malazi na 300 za chakula ikiwa kampuni haikupi vyenyewe. Wewe unalala kitanda cha juu kambini na unakula mesi ya kampuni, kwa hiyo hizo 800 usizihesabu kwenye pesa za kutuma nyumbani. Kila hesabu nyingine huanzia kwenye besiki: overtaimu na malipo ya mwisho wa kazi. Ukiona mkataba unasema besiki 700 na alawansi 1,100, jumla ni ileile, lakini umeshaibiwa kabla hujavaa sare. Pesa iingie benki, na isipite siku saba baada ya tarehe yake.

2. Saa. Sheria ya kazi, Namba 14 ya mwaka 2004, inasema saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Ramadhani ni saa 6 kwa siku, na wasio Waislamu wamo pia, msidanganywe. Ukijumlisha na overtaimu, siku haipaswi kuzidi saa 10. Najua, najua. Walinzi wote mnaonisoma mnapiga dyuti ya saa 12, na njia ya kwenda saiti za mji wa Al Khor na kurudi haihesabiwi kuwa kazi. Basi angalau jueni thamani ya kila saa ya ziada. Gawa 1,000 kwa siku 30, kisha kwa saa 8, ongeza asilimia 25: unapata riyali 5 na senti kidogo kwa saa. Saa nne za ziada kila siku, siku 26 za mwezi, ni zaidi ya riyali 500. Hiyo ni nusu ya besiki yako! Sapavaiza akikwambia overtaimu "imo ndani ya mshahara", mwombe akuonyeshe imeandikwa wapi. Ile nyongeza ya usiku ya asilimia 50 haiwahusu wanaofanya kwa zamu, kwa hiyo usiende kuipigania ukaharibu madai yako mengine. Siku ya mapumziko ukiitwa kazini, unadai siku nyingine ya kupumzika pamoja na malipo ya nyongeza.

Andika saa zako kila siku, kwenye daftari lako mwenyewe, na upige picha ratiba ya saiti.

3. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu juzi kijana kaniambia, "Kaka, ni karatasi ya likizo tu."

Hata mimi niliambiwa ni karatasi ya likizo tu. Nilikuwa naenda nyumbani, tiketi mkononi, begi limejaa zawadi za mama. Mchana wa siku ya safari nikaitwa ofisini nikapewa kurasa mbili za Kiarabu. Karani alikuwa mtu wangu, tulikuwa tukinywa chai pamoja. Nikamuuliza pesa yangu ya likizo iko wapi, na ile overtaimu niliyokuwa naidai kwa miezi. Akasema zote zitaingia benki nikiwa angani, kinachosubiriwa ni saini. Nikasaini kurasa zote mbili na kuweka dole gumba. Sikuomba hata nakala. Niliogopa kukosa ndege, na zaidi ya hapo niliona aibu kumwonyesha rafiki kwamba simwamini.

Pesa haikuingia. Nyumbani nilikuwa nimeahidi karo ya mdogo wangu wa kike. Alikaa nje ya shule muhula mzima, na kila asubuhi nilimwona akiwapisha wenzake njiani. Niliporudi kazini nikaambiwa nisubiri mwisho wa mwezi, kisha mwisho wa mwezi mwingine, nikasubiri hadi mkataba ukaisha. Ndipo nikapeleka madai Wizara ya Kazi. Usuluhishi ukashindikana, tukaenda mbele ya kamati ya migogoro ya kazi.

Nilikwenda kifua mbele. Nilikuwa nimesikia kwamba sheria inabatilisha makubaliano yoyote ya mfanyakazi kusamehe haki zake, na hilo ni kweli. Lakini mwakilishi wa kampuni alipotoa zile kurasa mbili, mkalimani akanisomea, na hazikusema popote kwamba nimesamehe. Zilisema nimepokea. Pesa ya likizo nimepokea, overtaimu zote mpaka siku ile nimepokea. Jaji akauliza kama saini ni yangu. Nikasema ni yangu. Akauliza kama nina kumbukumbu yoyote ya saa nilizofanya, au ujumbe wowote wa kudai. Sikuwa na kitu. Yale malipo ya mwisho wa kazi niliyapata. Jasho la miezi ile sikulipata, na mdogo wangu hakuurudisha muhula wake.

Kwa hiyo karatasi usiyoielewa usiisaini. Ipige picha, mtumie anayesoma Kiarabu. Wakikulazimisha, andika kando ya saini, kwa lugha yako, "sijalipwa", na tarehe, kisha piga picha tena. Pesa kwanza, risiti baadaye.

4. Likizo ya mwaka ni wiki tatu zenye malipo, na nne ukifikisha miaka mitano. Huwezi kuiuza wala kulazimishwa kuisamehe. Ukiondoka kabla ya kuichukua, unalipwa. Ugonjwa, baada ya miezi mitatu kazini: wiki mbili malipo kamili, wiki nne nusu. Lete cheti cha daktari, acheni kumpigia sapavaiza kusema "sijisikii vizuri" halafu mkalala.

5. Jua. Kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, kazi ya nje inasimama saa 4:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Aliye saitini wakati huo anavunjiwa sheria, hata kama forumeni anagawa maji baridi.

6. Pasipoti yako ni yako. Na kuhama kampuni siku hizi hakuhitaji ridhaa ya mwajiri: unatoa notisi ya mwezi mmoja ukiwa chini ya miaka miwili, miezi miwili ukizidi, na unaipitisha wizarani. Usitoroke kambini usiku. Ukiripotiwa mtoro, hata madai yako ya haki yanakuwa magumu kusikilizwa.

7. Dada zetu wa majumbani wana sheria yao, Namba 15 ya mwaka 2017: saa zisizidi 10 kwa siku, siku moja ya mapumziko kwa wiki, likizo ya wiki tatu. Kima cha chini kinawahusu vilevile. Mwenye dada nyumba ya watu ampelekee habari hii leo, maana wengi hawana kambi wala wenzao wa kuwauliza.

8. Malipo ya mwisho wa kazi ni angalau wiki tatu za besiki kwa kila mwaka, ukishatimiza mwaka. Kwa besiki ya 1,000 hiyo ni 700 kwa mwaka. Na madai ya haki za mkataba yana ukomo: mwaka mmoja tangu mkataba uishe. Basi usipande ndege ukitumaini kudai ukiwa nyumbani kwa simu. Fungua madai ukiwa bado uko hapa, kitambulisho bado hai, daftari mkononi.