Themostati ya wailesi iliyoniulia vifaranga 63, na jinsi ninavyochagua sasa

Juzi usiku nimepata meseji ya mdada mmoja wa Moshi, yuko Pasua, anasema kaka yake anarudi kutoka Uingereza na anamletea themostati ya wailesi, ile ya nyumba inayowasha na kuzima joto yenyewe, sasa anauliza aifunge kwenye bruda, yaani banda la kulelea vifaranga, au aiache. Niliisoma nimesimama jikoni, ikabidi nikae. Swali hilo hilo mimi sikuwa na mtu wa kumuuliza mwaka juzi, na waliokuwepo walinijibu kwa kujiamini kweli kweli na wote walikosea.

Ngoja niwaambie ilivyokuwa.

Mimi nafugia Ngaramtoni, Arusha. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa mwezi wa 7 ukoje, baridi inashuka kutoka Mlima Meru, asubuhi bati limelowa umande mpaka linadondosha maji kama mvua imepita. Na mwezi wa 7 ndio mume wangu hayupo nyumbani kabisa, ni dereva wa watalii, anaingia Serengeti anatoka anaingia tena. Kwa hiyo bruda ni mimi peke yangu. Miaka miwili nililea kwa chungu cha mkaa, naamka kila baada ya masaa mawili, koti juu ya kitenge, naenda kuchochea, na kila nikifungua mlango naogopa ile gesi ya mkaa maana ukiziba banda lisipitishe hewa inaua vifaranga na wewe mwenyewe. Nilichoka jamani. Najua na wewe unayesoma hapa hutaki kubaki na kuku 200 maisha yote, unataka ufike 1000, 2000, na huwezi kufika huko kama kila usiku unalala vipande vipande.

Basi shangazi yangu wa Leeds akabadilisha mfumo wa joto wa nyumba yake, akanitumia seti ya zamani ndani ya sanduku la nguo. Kidude cheupe chenye skrini kinachotumia betri 2, na kingine cha kufunga ukutani, risiva, ndicho kinapokea amri ya kile cheupe na kuwasha au kuzima. Nilifurahi sana. Nilipiga picha nikaweka kwenye grupu letu la kikoba, nikaandika kwamba mkaa basi.

Kitu ambacho sikukielewa, na ndicho ningependa ukielewe kabla ya kitu kingine chochote, ni kile kidude kilitengenezwa kwa kazi gani. Kule Uingereza nyumba nyingi zina boila moja, mara nyingi ya gesi, inapasha maji, pampu inayasukuma kwenye mabomba mpaka kwenye radieta za vyumbani. Themostati yenyewe haibebi moto wowote. Inaipa boila taarifa tu, washa, zima. Halafu binadamu anaishi kwenye nyuzi 18 mpaka 21, shangazi anaweka 19 na anaona anasikia joto, kwa hiyo themostati nyingi za aina hiyo mwisho wake ni nyuzi 30 au 35. Kifaranga wa siku moja anataka 32 mpaka 35. Yangu iligomea 30. Nilibonyeza kile kitufe cha juu mpaka kidole kikauma, 30, 30, 30.

Fundi niliyemwita akasema hiyo ndogo, tunaidanganya. Akaweka kidude mbali na hita, karibu na mlango, ili penyewe pasome 27 wakati kwa vifaranga ni 33. Na waya wa hita ya wati 2000 akaupitisha moja kwa moja ndani ya risiva. Kweli usiku wa kwanza ilifanya kazi. Wa pili ikafanya. Wa tatu nililala masaa 6 mfululizo, sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Usiku wa nne niliamka saa 10 alfajiri, hakuna kelele. Wafugaji mnajua, vifaranga wenye baridi wanapiga kelele, wenye joto sana wananyamaza. Nilipofungua mlango hewa ilinipiga usoni kama nimefungua sufuria. Nikamulika na tochi ya simu kwenye skrini, imeandika 31 na ile alama ya moto imezimika, yaani yenyewe inaamini imezima, na hita pale mbele yangu ni nyekundu kabisa. Vifaranga wamejibana kwenye mbao pembeni, mabawa wameyafungua, midomo wazi. Nilizima mein swichi kwa kofi. Mpaka saa 6 mchana walikuwa wamekufa 63 kati ya 400, nikawahesabu kuwarudisha kwenye boksi lile lile lenye matundu walilokuja nalo.

Mzee mmoja fundi wa Sakina ndiye aliyenifungulia risiva mezani kwake. Ndani kuna rilei ndogo, yaani swichi inayojiwasha na kujizima kwa umeme, viungo vyake viwili vimeyeyuka vimeshikana kama vimechomelewa. Akanigeuzia lebo ya nyuma, 3A, yaani mwisho wake ampea 3. Akachukua kalamu: wati 2000 gawanya kwa volti 230 ni kama ampea 8.7. Nikaona yote pale, kwenye kipande cha boksi la sigara. Alikuwa na haki ya kunisema na hakunisema hata neno moja.

Waliosema ni wengine. Kwenye kikoba mtu niliyemwekea dhamana mwaka mmoja kabla alisimama akaniita "mama dijitali" mbele ya watu 22. Sijamjibu mpaka leo. Lakini kila nikifungua bruda asubuhi nakumbuka.

Sasa ushauri. Unapochagua themostati usianze na skrini wala rangi wala kama inaongea na simu. Anza na lebo. Soma ampea. Kisha linganisha na mzigo wako: taa 4 za wati 250 ni wati 1000, hiyo ni ampea 4 na kidogo, tayari 3A haibebi. Hata zile zilizoandikwa 10A mimi sizipi ampea 9 usiku kucha. Weka kontakta katikati, ile swichi kubwa ya kubeba umeme mwingi, themostati iamshe kontakta, kontakta ndiyo ibebe hita. Fundi yeyote anayefunga pampu za maji anaijua kontakta, asikwambie haipatikani.

Cha pili angalia inafika nyuzi ngapi, na sensa yake iko wapi. Hapa wengi wanaponzwa na neno wailesi. Wanafikiri watakaa nacho kitandani waangalie joto la banda. Hapana, kile kidude cheupe ndicho sensa yenyewe, kinapima pale kilipo, ukienda nacho chumbani kitafuata joto la chumba chako na vifaranga wafe. Nunua yenye sensa ya waya mrefu, ining'inie usawa wa mgongo wa kifaranga, kama sentimita 5 mpaka 8 juu ya maranda, isiangaliane uso kwa uso na hita wala isikae mlangoni. Ukitaka kuangalia ukiwa kitandani nunua kipimajoto cha wailesi, kazi yake iwe kuangalia tu, na kijaribu kwanza maana mabati yanakula mawimbi. Kutoka banda langu mpaka chumbani ni hatua 30 na bado ilibidi nikihamishie dirishani.

Cha tatu, na hapa muuzaji mbane asikimbie: mawasiliano yakikatika inafanya nini? Betri zikiisha? Umeme ukikatika ukirudi inakumbuka namba niliyoweka au inarudi mwanzo? Kama ni ya Wi-Fi na bando limeisha inaendelea kufanya kazi yenyewe au inasubiri intaneti? Asipojua jibu, muage. Na hata akijua, weka themostati ya pili ya bei ndogo kwenye njia ya umeme wa hita, iweke 38, na iwe na kontakta yake, ya kwanza ikiganda hii ikate. Ndiyo, ni hela. Tunanunua vitenge vya sare kwa harusi za watu tusiowajua vizuri halafu kwa kitu kinacholinda mtaji wa familia tunatafuta cha kupewa. Mimi nilifanya hivyo, kwa hiyo ninayemsema ni mimi kwanza. Soma lebo, jamani. Soma lebo kabla fundi hajafika.

Mambo ya chanjo na maji nayaacha, nilishayaandika.

Mwezi huu wa 7 nimeingiza 500. Nilianza na 33, kila wiki nashusha kama nyuzi 3, leo wana wiki ya nne na waliokufa ni 7. Hita ikiwaka usiku mzima bila kuzima ni kama uniti 20 za LUKU, mimi nakula 11, ukiwa baridi sana 13. Mume wangu aliporudi safari ya mwisho alisimama mlangoni mwa banda akasikiliza kontakta inavyogonga, tak, akaniambia lala, nitakaa mimi. Nikamwambia hakuna haja ya kukaa mtu.

Mdogo wangu wa Pasua, mwambie kaka yako ailete, usimkatishe tamaa, lakini usiifunge wiki ya kwanza. Moshi kwenu kuna joto kuliko huku, ukifika wiki ya tatu unahitaji nyuzi 27 hivi, hapo yake inafika bila kuidanganya, ila ipitie kwenye kontakta. Akishakufikia, igeuze, piga picha lebo ya nyuma ya risiva unitumie kabla hujachomeka chochote.